Kuuliza si Ujinga: Lugha ya Mafunzo Kazini Tanzania katika Nyakati za Misukosuko, 1967–2021



Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni mafunzo kazini. Huenda baadhi yenu mnajiuliza mada hii imeingiaje katika mihadhara ya taaluma za Kiswahili, maadamu kwa kawaida mafunzo ya wafanyakazi huachiwa wataalamu wa utawala, wa uchumi na wa elimu ya watu wazima. Jibu langu ni jepesi. Mtu anapofundishwa kazi hufundishwa kwa lugha fulani, na lugha hiyo huchangia sana kuamua nani ataelewa, nani ataitikia kwa kichwa tu, na nani atathubutu kuuliza. Kwa hiyo historia ya mafunzo kazini ni sehemu ya historia ya lugha, na katika nchi yetu ni sehemu isiyopewa bado uzito unaoistahili.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wakasema pia kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hata hivyo, swali halizuki lenyewe. Ili mfanyakazi aulize anahitaji mambo matatu. Kwanza, anahitaji jina la kitu anachokiulizia. Pili, anahitaji muda wa kuuliza, yaani saa ambayo hahesabiwi kuwa mvivu kwa sababu ameacha kazi ajifunze. Tatu, anahitaji idhini, maana swali la mfanyakazi mbele ya mkubwa wake wa kazi huweza kupokewa kama dalili ya bidii au kama dalili ya ukaidi. Katika mhadhara huu nitayaita mambo hayo jina, muda na idhini.

Ninakusudia kuonyesha kwamba katika misukosuko mitatu iliyozikumba sehemu za kazi nchini Tanzania tangu mwaka 1967, chombo kipya cha mafunzo, kiwe redio, kompyuta au simu, hakikumfundisha mtu peke yake. Kilifaulu pale ambapo mambo hayo matatu yalikutana, na kilishindwa pale ambapo mojawapo lilikosekana. Kwa neno msukosuko ninamaanisha wakati ambapo kazi inabadilika kabla wenye kuifanya hawajapata nafasi ya kujifunza mabadiliko yake. Misukosuko yenyewe ni utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha, ubinafsishaji wa miaka ya 1990, na janga la korona la mwaka 2020.

Fundi na mwanagenzi wake

Kabla ya kuingia katika misukosuko hiyo, yafaa tukumbuke kwamba mafunzo kazini hayakuanza na semina. Kiswahili kina neno la kale la mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya: mwanagenzi. Leo neno uanagenzi limerudi katika nyaraka za Serikali na za vyuo vya ufundi stadi, lakini jambo lenyewe ni la siku nyingi. Seremala, mjenzi wa majahazi, mfua fedha na mshona kofia walijifunza kwa kukaa karibu na fundi, kumpa vifaa, kumtazama mikono, na hatimaye kuachiwa sehemu ndogo ya kazi. Sura ya maneno yetu inaonyesha ukaribu huo. Kitenzi kufunda kina jamaa zake kufunza, kufundisha na kujifunza. Na neno fundi, kwa sura na kwa maana, halikai mbali nao.

Kazi ngeni zilipoingia, uanagenzi huu uliendelea kwa vifaa vipya. Reli ya Uganda ilijengwa kuanzia Mombasa mwaka 1896, na Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914. Karakana za reli, bandari na baadaye gereji za magari zikawa vyuo visivyo na vyeti. Humo ndimo yalimozaliwa maneno ambayo hakuna kamati iliyoyaidhinisha: stesheni, behewa na taruma katika reli, spana, jeki, klachi, gia, stelingi, rejeta na shokomzoba katika gereji. Mwenye asili ya Kiingereza akilisikia neno shokomzoba hatalitambua upesi, ilhali fundi yeyote wa Gerezani au Kariakoo atakuonyesha mara moja mahali lilipo.

Ninayataja maneno haya kwa makusudi. Mara nyingi wanaisimu tumeyatazama kama mikopo tu, tukahesabu irabu zilizoongezwa mwishoni mwa maneno na kuishia hapo. Tukiyatazama kwa jicho la historia, tunaona kwamba kila neno ni ushahidi wa swali lililopata kuulizwa. Mwanagenzi aliuliza kitu hiki kinaitwaje, akajibiwa, akalisema jina kwa ulimi wake, na kuanzia hapo akaweza kuuliza swali la pili: kimeharibikaje, na kinatengenezwaje?

Benki katika mwaka wa Azimio

Januari 1967 Serikali ya Tanzania, kupitia kwa Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, ilitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za Serikali. Mwezi uliofuata, tarehe 5 Februari, likatangazwa Azimio la Arusha, na siku iliyofuata benki za binafsi zikataifishwa. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Wanahistoria wa uchumi husimulia habari za benki, nasi wa Kiswahili husimulia habari za Baraza, kana kwamba mambo haya yalitokea katika nchi mbili tofauti. Yalitokea katika mwaka mmoja, na yalimfikia karani mmoja.

Benki Kuu ilikuwa imeanza kazi mwaka 1966. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyorithi shughuli za benki zilizotaifishwa, ilianza chini ya uongozi wa Amon Nsekela, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu pia kwa kitabu chake *Minara ya Historia ya Tanganyika*. Benki za kigeni ziliwaondoa maofisa wao wengi. Vitabu vya hesabu havikuweza kusubiri. Makarani na wahasibu waliobaki walilazimika kupanda ngazi kwa haraka na kujifunza kazi ya wakubwa wao huku milango ya benki ikiwa wazi. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kwa hiyo katika miaka ya kwanza shule kubwa ya benki ilikuwa benki yenyewe.

Katika suala la jina, hali ilikuwa nzuri kuliko tunavyodhani. Msamiati wa fedha haukuwa mgeni kwa Kiswahili. Amana, dhamana, rehani, riba na faida ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyokuwa yakitumika katika biashara ya pwani kabla benki yoyote haijajengwa Dar es Salaam. Hundi ni neno lililokuja na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, ambao walitumiana waraka wa malipo wa jina hilo kati ya Zanzibar na miji ya ng'ambo. Karani aliyemweleza mkulima wa pamba maana ya hundi hakuanza na neno tupu.

Upungufu ulikuwa mahali pengine. Fomu, leja na miongozo ya kazi ilibaki kwa Kiingereza. Karani alizungumza na mteja kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza, na alipopanda cheo mafunzo yake ya juu yakawa kwa Kiingereza. Pakajengeka ngazi mbili za kujifunza: ngazi ya dirishani, ambako maswali yaliulizwa kwa uhuru, na ngazi ya ofisi ya ndani, ambako wachache waliojua Kiingereza vizuri ndio waliouliza. Mgawanyiko huo tutakutana nao tena.

Redio, kisomo na saa za kazi

Msukosuko wa Azimio haukuishia katika benki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika, nao ndio waliotakiwa kuendesha vijiji, viwanda na mashamba ya umma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo, mwaka 1968, mradi wa kisomo chenye manufaa ulikuwa umeanza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Vitabu vyake vya kwanza vilitungwa kufuatana na kazi za watu: pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji. Mvuvi hakuanza na silabi zisizo na maana kwake. Alianza na wavu na samaki.

Sambamba na kisomo zilikuja kampeni za redio. Baada ya Kupanga ni Kuchagua ya mwaka 1969 na nyingine zilizofuata, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Utaratibu wake unastahili kukumbukwa na kila anayepanga mafunzo ya kidijitali leo. Kikundi kilikutana kwa saa maalumu, kikasikiliza kipindi, kikasoma pamoja sehemu ya kijitabu, kikajadili chini ya kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi, kisha kikaamua jambo la kutenda: kuchimba choo, kusafisha kisima, kufyeka majani. Redio haikuweza kuulizwa swali, maana ni chombo kinachosema bila kusikia. Kwa hiyo waliobuni kampeni walilipa swali mahali pake nje ya redio, ndani ya kikundi. Jina lilikuwepo kwa sababu kila kitu kilisemwa na kuandikwa kwa Kiswahili. Muda ulipangwa, na idhini ilitolewa waziwazi, kwani kujadili ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Katika viwanda na maofisi, Agizo la Waziri Mkuu Namba 1 la mwaka 1973 liliwataka waajiri kuandaa elimu ya wafanyakazi na kuitengea sehemu ya muda wa kazi. Ninaliona agizo hili kuwa miongoni mwa maandiko muhimu ya historia yetu ya elimu, kwa sababu lilikiri kwamba kujifunza ni sehemu ya kazi. Matokeo ya kisomo kwa jumla yanajulikana. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 39. Kufikia mwaka 1977 walikuwa asilimia 27, na mwaka 1986 chini kidogo ya asilimia 10.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea ubwana na dharau ya viongozi wa kazi, na wafanyakazi waliusoma kwa lugha yao, wakauelewa barabara. Kati ya mwaka 1971 na 1973 migomo ilizuka katika viwanda kadhaa, na mara nyingi chanzo chake hakikuwa mshahara bali namna meneja alivyosema na watu. Issa Shivji ameyaeleza mapambano hayo kwa kina. Kwa mada yetu fundisho ni kwamba mafunzo yaliyompa mfanyakazi jina na muda yalimzalishia maswali ambayo wenye mamlaka hawakuwa wameyatarajia, na idhini ikaanza kurudishwa nyuma. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuuliza, lakini kikawa pia lugha ya amri. Wapenzi wa lugha hii tusisahau kwamba yenyewe haimlindi mtu.

Reli ya Uhuru: mafunzo ya mkono

Katika miaka hiyohiyo palikuwa na darasa refu kuliko yote, lenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa kwa nchi za Tanzania na Zambia mwaka 1976. Mafundi wa Kichina na vijana wa Kiafrika, wengi wao wakitoka vijijini, walifanya kazi pamoja bila lugha moja. Wakalimani wa Kiswahili kutoka China walikuwepo, kwani lugha yetu ilikuwa ikifundishwa na kutangazwa Beijing tangu miaka ya 1960, lakini hawakuweza kuwepo kwenye kila taruma. Kwa hiyo mafundisho mengi yalikuwa ya kuonyeshwa: fundi anafanya, kijana anatazama, kijana anafanya, fundi anasahihisha.

Njia hii ilikuwa uanagenzi halisi, na ilizaa mafundi wengi hodari. Lakini ilikuwa na mpaka wake. Mkono unaweza kuonyesha namna ya kufanya. Hauwezi kueleza vizuri kwa nini, wala hauwezi kuonyesha hitilafu ambayo bado haijatokea. Maarifa ya aina hiyo yanahitaji maneno, na yanahitaji maandishi yatakayobaki baada ya fundi kwenda kwao. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1972 vijana kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea fani za reli. Walipata elimu waliyoifuata. Msamiati wa Kiswahili wa reli, hata hivyo, ulibaki midomoni mwa wafanyakazi wa njia na wa karakana.

Mwaka 1987 Rajmund Ohly, mwanaisimu kutoka Poland aliyefanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, alitoa kamusi ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Ilikuwa hatua ya maana. Lakini kwa wengi waliojifunza kati ya mwaka 1967 na 1980, ilikuja wakati mafunzo yao yalikuwa yamekwisha.

Kompyuta: jina lililochelewa na muda ulioondolewa

Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960. Uzoefu wa kuendesha hesabu kwa chombo hicho haukuwa mzuri, gharama za fedha za kigeni zilikuwa kubwa, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Zipo sababu za kuuelewa uamuzi huo katika nchi iliyokuwa ikihesabu kila dola. Matokeo yake katika mafunzo yalikuwa haya: kwa miaka mingi kompyuta ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Kitu kisichoguswa hakimpi mtu swali, na kisichoulizwa hakipati jina la watu.

Marufuku ilipolegezwa, na hasa soko lilipofunguliwa, kompyuta ziliingia pamoja na msukosuko wa pili. Sheria ya Mashirika ya Umma ya mwaka 1992 ilifungua njia ya ubinafsishaji. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997, na mwaka 2000 sehemu yake kubwa ikanunuliwa na kundi la ABSA la Afrika Kusini. Karani aliyejifunza kazi yake kwa leja baada ya Azimio alikutana na skrini akiwa na umri wa miaka 50, wakati uleule majina ya watakaopunguzwa kazini yalipokuwa yakiandaliwa. Ni vigumu kufikiria mazingira mabaya zaidi ya kujifunza. Kuuliza kitufe hiki ni cha nini kulikuwa sawa na kujiandikisha katika orodha ya wasiohitajika. Idhini ilikuwa imetoweka bila waraka wowote kuifuta. Muda nao uliondolewa: wengi walijilipia kozi za jioni katika vituo vya binafsi vilivyochipuka mijini, wakafundishwa kwa Kiingereza, na wakapewa cheti cha Kiingereza.

Wakati huo wanaisimu walikuwa wakibishana kuhusu jina. Kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mjadala ulikuwa wa haki, nao ulizaa maneno yaliyodumu: tovuti, barua pepe, mtandao, kupakua, kuhifadhi. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wenzao wa Sweden na kwa msaada wa wanaisimu, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye Kiswahili tangu menyu hadi maelezo, chini ya mradi wa Kilinux. Muda mfupi baadaye Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake.

Hizi zilikuwa kazi za kupongezwa. Mbona basi katika maofisi mengi tuliendelea kusikia sevu, printi na diliti? Sababu si uvivu wa watu wala ubaya wa istilahi. Istilahi zilitolewa katika programu, lakini mwalimu wa kozi ya jioni, mtihani wake, cheti chake na mwajiri aliyekikagua vilibaki vilevile. Mfanyakazi aliyejifunza kuhifadhi faili kwa Kiswahili angefika kwenye usaili na kuulizwa kwa lugha nyingine. Jina lilikuwa limepatikana, lakini halikuwa na muda wala idhini nyuma yake. Lugha ya ofisi ya ndani, tuliyoiona katika benki za 1967, ilikuwa imehamia kwenye skrini.

Wakala na dirisha lake

Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania. Kampuni nyingine zikafuata. Katika muda mfupi maelfu ya watu waliokuwa wakiuza sukari na vocha wakawa mawakala wa fedha. Hii ni mojawapo ya harakati kubwa za mafunzo ya kidijitali kazini katika eneo letu, na si kawaida kuiita hivyo, kwa sababu ilifanyika vibandani.

Tutazame lugha yake. Wakala ni neno la kale la sheria na biashara. Muamala ni neno lililokuwa likitumika zaidi katika fiqhi na katika mazungumzo ya wazee kuhusu haki baina ya watu. Sasa mtoto wa darasa la tano hulisoma kwenye simu ya mama yake. Salio, kutoa, kuweka na namba ya siri ni maneno ambayo hayakuhitaji kamusi. Pale ambapo jina halikuwepo, mawakala walilichukua kama mafundi wa gereji walivyofanya: floti ni jamaa wa karibu wa klachi. Wakala mpya alifunzwa kwa saa chache, lakini mafunzo yake hasa yalikuwa maswali ya wateja. Kila siku kibibi mmoja alimuuliza pesa yangu imekwenda wapi, na ilimpasa ajue. Kwa mara nyingine dirisha liliwafundisha wote wawili, aliyeketi ndani na aliyesimama nje. Tofauti na benki ya 1967, safari hii chombo chenyewe kilisema lugha ya dirishani.

Mwaka 2020 na baada yake

Machi 2020 ugonjwa wa korona ulithibitishwa nchini Kenya na Tanzania, na katika mwezi huohuo shule na vyuo vikafungwa. Tanzania ilivifungua vyuo vikuu tarehe 1 Juni mwaka huo. Kenya ilirudisha madarasa yote Januari 2021. Katika sehemu za kazi mafunzo yalihamishiwa mtandaoni popote ilipowezekana.

Safari hii jina halikuchelewa. Baraza la Kiswahili la Taifa lilitoa UVIKO-19. Barakoa, neno la watu wa pwani na Oman kwa kifuniko cha uso cha wanawake, lilipata kazi mpya katika muda wa wiki chache tu, na kitakasa mikono kikaeleweka bila maelezo. Huu ni ushahidi kwamba uwezo wa lugha haukuwahi kuwa ndio tatizo. Ugumu ulihamia kwenye muda na idhini. Muda wa kujifunza mtandaoni ulinunuliwa kwa bando, na mara nyingi bando lilikuwa la mfanyakazi mwenyewe. Katika mkutano wa skrini, anayeuliza hutakiwa afungue maiki, wote wamwone na wamsikie, na mara nyingi aulize kwa Kiingereza. Wengi walinyamaza, kisha wakapeleka maswali yao kwa Kiswahili katika makundi ya WhatsApp, kwa maandishi mafupi na kwa ujumbe wa sauti.

Makundi hayo ni wajukuu wa vikundi vya kusikiliza vya mwaka 1973, na yanastahili kulinganishwa navyo. Yana kikundi na yana mjadala. Hayana kijitabu, wala kiongozi aliyefunzwa, wala saa iliyotengwa. Kwa hiyo swali zuri hujibiwa na uvumi kwa urahisi uleule linavyojibiwa na ukweli. Nusu karne baadaye tuna chombo kinachosikia na kusema, lakini tumepoteza utaratibu uliokizunguka kile kilichokuwa kiziwi.

Yupo mfanyakazi mwingine wa kipindi hicho ambaye si desturi kumhesabu miongoni mwa wanagenzi: hakimu. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 iliyorekebisha sheria mbalimbali ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza inapolazimu. Watu waliosomea sheria kwa Kiingereza walitakiwa kujifunza upya, wakiwa kazini, namna ya kuandika hukumu kwa lugha waliyozaliwa nayo. Kwa mara ya kwanza katika historia hii, mzigo wa kujifunza lugha uliwekwa juu ya mwenye cheo, naye mwananchi wa kawaida akawa ndiye mwenye kuisikia hukumu bila mkalimani. Matunda kamili ya mageuzi hayo yatapimwa na watakaokuja. Mwelekeo wake ni jambo geni na zito.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, nimepita katika benki, kikundi cha kusikiliza, njia ya reli, ofisi yenye kompyuta, kibanda cha wakala na mahakama. Kutokana na safari hiyo nina mapendekezo matatu kwa wanafunzi na wasomi walio hapa.

La kwanza linahusu jina. Istilahi zianze kukusanywa kutoka kwa wanaofanya kazi kabla hazijabuniwa kwa ajili yao. Shokomzoba na floti ni ripoti za utafiti ambazo wafanyakazi wametuandikia bure. Wazee waliojenga TAZARA na makarani wa mwaka 1967 wanapungua kila mwaka, na msamiati wao unakwenda nao. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali.

La pili linahusu muda. Mwajiri anayetaka wafanyakazi wajifunze kwa mtandao, na aitenge saa na ailipie. Agizo la mwaka 1973 lilitamka hivyo wakati nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyo sasa.

La tatu linahusu idhini, nalo ni gumu kwa sababu haliwezi kutafsiriwa wala kununuliwa. Tunaweza kuwa na programu nzuri kwa Kiswahili sanifu, yenye istilahi zilizopitishwa na vyombo vyote, na bado mfanyakazi akanyamaza kwa kuogopa kuonekana mzigo. Misukosuko haijaisha, mashine zinazotunga maandishi na kujibu maswali zimekwisha kuingia maofisini, na karani wa leo anazitazama kama yule wa miaka ya 1990 alivyoitazama skrini. Kazi yetu sisi wa taaluma za Kiswahili ni kuhakikisha kwamba atakapotaka kuuliza, lugha yake haitamwangusha. Kazi ya wanaomwajiri ni kuhakikisha kwamba hatajuta kwa kuuliza.

 Sasa ninayakaribisha maswali yenu.